Hati za Shamba na Namna ya Kuziandaa Zisikataliwe

Leo twapenda kunena nanyi habari ya hati za ardhi katika nchi ya Kenya, na namna ya kuziandaa ili zifikapo mezani kwa Msajili zisirudishwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa mtu wa shamba hakuna mali ipitayo ardhi yake.

Watu wa mwambao wayajua haya kwa uchungu. Mwaka 1908 ilitungwa sheria iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani alete madai yake yaandikwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali ya kikoloni. Wengi waliokuwa wakilima mashamba ya babu zao hawakupeleka madai, na watoto wao wakaja kuitwa maskwota juu ya udongo ule ule. Miti waliyoipanda ilikuwapo. Karatasi ndiyo haikuwapo.

Siku hizi kazi hii yaongozwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Basi tuseme mtu ataka kununua ekari mbili kwa jirani yake. Yampasa kufanya nini?

Kwanza, kabla ya kutoa hata senti moja, aombe ukaguzi wa daftari katika ofisi ya ardhi. Cheti atakachopewa humwonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna deni la benki au zuio juu yake. Iwapo ekari hizo zakatwa katika shamba lililo kubwa zaidi, mpimaji mwenye leseni sharti apime na kuchora mipaka kwanza.

Pili, mapatano yaandikwe. Katika kuuza ardhi maneno matupu hayatoshi, hata yakisemwa mbele ya kijiji kizima. Muuzaji na mnunuzi watie sahihi zao, na sahihi ya kila mmoja ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo akaiona ikitiwa.

Tatu, majina na nambari. Hapa ndipo watu hujikwaa. Kama kitambulisho kina majina matatu, na hatimiliki ina mawili, au herufi moja imegeuka, karani hawezi kujua ya kuwa ni mtu yule yule. Jambo hilo lisahihishwe mapema kwa hati ya kiapo, wala lisingojewe mpaka maombi yarudi. Nambari ya shamba nayo inakiliwe tarakimu kwa tarakimu, maana tarakimu moja ikikosewa, karatasi itakuwa yanena juu ya shamba la mtu mwingine. Pamoja na hayo ziambatishwe nakala za vitambulisho, vyeti vya nambari ya kodi, na picha ndogo za pasipoti.

Nne, idhini. Katika sehemu zilizo chini ya sheria ya udhibiti, shamba la kilimo haliuzwi wala kugawanywa pasipo idhini ya Bodi ya Ardhi, na maombi yapelekwe katika muda wa miezi 6 tangu siku ya mapatano. Mapatano yasiyopata idhini hiyo ni batili. Kadhalika, ikiwa ardhi ni mali ya ndoa, mume hawezi kuiuza kwa siri ya mkewe, wala mke kwa siri ya mumewe. Idhini ya mwenziwe iandikwe, ikae pamoja na karatasi nyingine.

Tano, ardhi ya marehemu. Wako wana ambao baba yao amefariki, nao wakauza shamba ambalo daftarini lingali kwa jina lake. Marehemu hatii sahihi! Warithi hawana budi kwenda mahakamani kwanza, wapewe hati ya usimamizi wa mirathi na kuithibitisha. Kwa kawaida uthibitisho huo huja baada ya miezi 6. Mnunuzi asiyengoja hununua kesi.

Sita, ushuru wa stempu. Ardhi ya mashambani hutozwa asilimia 2 ya thamani yake, na ya mijini asilimia 4. Watu wengine huandika bei ndogo ili walipe kidogo. Lakini thamani hukadiriwa na mthamini wa Serikali, na hila hiyo huwachelewesha wao wenyewe.

Pengine msikilizaji atauliza, je, hakuna njia ya mkato? Iko, lakini mwisho wake ni shimo. Sheria yasema kwamba hatimiliki iliyopatikana kwa hila, kwa rushwa au kinyume cha taratibu yaweza kupingwa mahakamani na kufutwa. Mtu aweza kujenga nyumba, akazika wazazi wake hapo, kisha akaambiwa ondoka.

Basi kila karatasi itolewe nakala, na stakabadhi zihifadhiwe mahali pakavu. Maombi yakirudishwa, tusikasirike wala tusimtafute dalali. Tuulize sababu, tuiandike, tukaitengeneze. Na watoto wetu waliosoma watusomee kila mstari kabla hatujatia sahihi. Kazi ya asubuhi moja yaweza kuwalinda wajukuu ambao hatutawaona.