Herufi ya 1896: Sura ya Homa ya Ini B Afrika Mashariki

Kirusi cha homa ya ini B ni kidogo hata miongoni mwa virusi. DNA yake ina herufi zipatazo 3,200. Ya binadamu ina takriban bilioni 3. Katika nafasi hiyo finyu jeni zake nne zimepandana, hata herufi moja ikatumika kuunda protini mbili. Kimeng'enya chake cha kunakili hakikagui kazi yake, kwa hiyo makosa ni mengi. Lakini kosa moja laweza kuharibu jeni mbili kwa mpigo, na nakala nyingi za namna hiyo hazifiki mbali. Zilizosalia ndizo zilizozaa jenotaipu A hadi J, ambazo hutofautiana kwa takriban asilimia 8 au zaidi.

Afrika Mashariki imetawaliwa na A, hasa tawi la A1, na D hupatikana pia. Afrika Magharibi ni himaya ya E. Ajabu ni kwamba E ni nadra kwa watu weusi wa Amerika, ingawa mababu wengi walichukuliwa kutoka huko huko. Ndiyo maana baadhi ya watafiti huamini ilienea baada ya kilele cha biashara ya utumwa. A1 ilisafiri: iko Brazil, iko India, na wataalamu wanaihusisha na meli za watumwa na biashara ya Bahari ya Hindi.

Je, hayo yanamhusu nini daktari wa Mwanza au Kisumu? Yanamhusu sana. Vitabu hufundisha kwamba mgonjwa wa muda mrefu anapopoteza antijeni e (protini ya kirusi inayopimwa kwenye damu), mara nyingi kirusi kimebadilika nafasi ya 1896: G imekuwa A, na antijeni haiundwi tena. Kwa D ya Mediterania somo hilo ni sahihi. Kwa A, kwa kawaida sivyo. Humo G ya 1896 imeshikana na C ya nafasi ya 1858, na mshikamano huo hukaza kikunjo kinachohitajika ili kirusi kifungashe vinasaba vyake. G ikiondoka, kikunjo hulegea. A1 hupitia mlango mwingine: nafasi za 1762 na 1764, au 1809 hadi 1812. Kipimo kinachotafuta 1896 peke yake kinaweza kuwapita wagonjwa hao wote.

Na si kirusi cha kudharau. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wenye A walikabiliwa na hatari ya saratani ya ini mara 4.5 ya wenye jenotaipu nyingine.

Badiliko la 145 kwenye antijeni ya uso wa kirusi, linalokwepa kingamwili za chanjo, huzungumzwa mno. Lakini chanjo bado inakinga vizuri. Tatizo kubwa zaidi ni dawa. Lamivudini, ikitumika bila tenofoviri kwa mtu mwenye VVU na homa ya ini B, huzalisha badiliko la 204 kwenye kimeng'enya cha kunakili na kupoteza nguvu. Tenofoviri ndiyo inayohimili. Sasa zinakuja sindano za VVU za kabotegraviri na rilpivirini, ambazo haziigusi kabisa homa ya ini B. Kliniki zisimwondoe mgonjwa yeyote kwenye tenofoviri kabla ya kumpima homa ya ini B.