Msingi wa Mpiga Mbizi

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ya kuzamia baharini kwa pumzi moja tu, bila mtungi wa hewa. Wengi hudhani ya kuwa sifa ya mzamiaji ni kina afikacho, au muda akaao chini. Sisi twasema sivyo. Sifa yake ni msingi alioujenga kabla ya kukiendea kina hicho. Na asiye na msingi huo, bahari humdai roho yake.

Na tuwatazame kwanza wanawake wa kisiwa cha Jeju, kusini mwa Korea, waitwao haenyeo, yaani wanawake wa bahari. Hao huzamia hata kina cha mita 10 hivi kutafuta makome na mwani, na kila wazamapo huzuia pumzi kadiri ya dakika moja. Mwaka 2016 UNESCO iliuandika utamaduni wao katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kwao wazamiaji wako wa daraja tatu: hagun ni wa chini, junggun ni wa kati, na sanggun ni wa juu, ambao ndio viongozi wa wenzao. Anayeanza hujifunza katika maji haba karibu na ufuo, chini ya macho ya waliomtangulia. Hapewi kina kwa sababu akitamani. Hukifikia kwa ujuzi.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu imo ndani ya miili yetu. Mtu azuiapo pumzi, lile jambo limsumbualo kutaka kuvuta hewa si hasa upungufu wa oksijeni, bali ni wingi wa ile hewa chafu ambayo mwili hutaka kuitoa. Hewa hiyo ni kama kengele: hulia ili mtu arudi juu mapema. Sasa wako vijana ambao kabla ya kuzama huhema kwa nguvu na kwa haraka mara nyingi, wakidhani wanajaza hewa. La! Damu ya mtu mzima wa afya huwa karibu imejaa oksijeni tayari. Anachofanya kijana huyo ni kuitoa hewa chafu, na hivyo kuinyamazisha kengele. Akizama hasikii haja ya pumzi, hujiona shujaa, kisha huzimia ghafula bila onyo, akafa maji.

Basi msingi una mambo manne, nasi tutayataja kwa utaratibu wake.

La kwanza ni utulivu, nao hufundishwa nchi kavu. Mwanafunzi hulala chali, mwenzi akiwa karibu, akapumua polepole kwa tumbo, na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta. Kisha huizuia bila kujikaza, akajifunza kuitambua kengele yake bila kuiogopa: ile haja ya kuvuta hewa, na kule kurukaruka kwa tumbo. Moyo uliotulia hula oksijeni kidogo. Mwenye hofu huimaliza upesi. Zoezi hili hurudiwa wiki baada ya wiki, kwani haba na haba hujaza kibaba.

La pili ni masikio. Mtu akifika mita 10 hubanwa mara mbili kuliko akiwa juu, na hewa iliyomo mapafuni hupungua ukubwa ikawa nusu. Masikio huanza kuumia hata kabla ya hapo. Yapasa kuziba pua na kusukuma hewa kwa upole kabla maumivu hayajaanza, na kurudia kila ashukapo kidogo. Yasipofunguka, na arudi juu. Mwenye mafua asizame kabisa.

La tatu ni mwenzi. Mmoja azamapo, mwingine hukaa juu akimwangalia; wasizame wote wawili pamoja. Wala asidhani hatari imekwisha amwonapo mwenziwe anapanda. Katika kupanda, hewa ya mapafuni hupanuka, na oksijeni kidogo iliyosalia hupungukiwa na nguvu ya kuingia katika damu. Kwa hiyo wengi huzimia katika mita chache za mwisho, au mara baada ya kutokeza kichwa. Mwenzi na aendelee kumtazama kwa nusu dakika nzima, na akimwona anazama tena amshike upesi, auweke uso wake juu ya maji.

La nne ni kiasi. Baada ya kila mzamo mtu apumzike juu ya maji, kwa uchache mara mbili ya muda aliokaa chini. Kina kiongezwe kidogo kidogo, na kiongezwe tu ikiwa kile cha jana kimekuwa chepesi. Siku ambayo mwili umechoka, kurudi nyuma si aibu.

Enyi wanafunzi mkaao pwani na kando ya maziwa, twajua michezo yenu. Mwashindana nani atakaa chini zaidi, na aliyeibuka wa kwanza huchekwa. Twawaomba mchezo huo muuache. Anayetaka kujifunza kuzamia, na amtafute mzamiaji mzoefu, aanze naye mahali ambapo miguu yafika chini. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nasi twaongeza kwamba hata ukiyafika, usiyafike peke yako.

Na ninyi wazazi, mkiwaona watoto wakihema kwa nguvu kabla ya kuzama, wakatazeni papo hapo, tena waelezeni sababu yake. Maana mtoto aliyekatazwa bila kuelezwa hungoja tu mkubwa aondoke.