Taa za Usiku na Usingizi wa Mtahiniwa



Nimeombwa niseme juu ya uchovu na wasiwasi wakati wa kudurusu kwa ajili ya mtihani wa mwisho. Mimi si daktari wala mwalimu. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mafaili na hesabu. Lakini jambo hili linagusa ajenda ya mchana huu, maana lipo pendekezo kwamba chama chetu kichange fedha za kuweka taa za umeme wa jua katika madarasa yote, ili vijana wasome mpaka alfajiri. Taa naziunga mkono. Hayo maneno “mpaka alfajiri” ndiyo yaliyonisimamisha hapa.

Sote tuliolala katika mabweni haya tunajua kukesha kulivyoheshimiwa. Aliyetia miguu katika beseni la maji baridi ili asisinzie alihesabiwa kuwa mwanamume; aliyepanda kitandani saa nne alionekana mvivu. Katika mkondo wetu alikuwapo kijana mmoja, jina lake naliweka kando, ambaye ndiye tuliyemwendea tuliposhindwa Fizikia. Majuma matatu kabla ya mtihani aliacha kulala zaidi ya saa mbili au tatu kwa usiku. Asubuhi ya karatasi ya kwanza alikutana na swali ambalo juma moja nyuma alikuwa amenifundisha mimi ubaoni, kwa chaki. Alituambia baadaye kwamba alilisoma mara tano, maneno anayaona, maana haipati. Sisi aliotufundisha tulikwenda Chuo Kikuu. Yeye hakupata nafasi mwaka ule, na kwao hapakuwa na fedha za kumrudisha kufanya mtihani tena. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga.

Yaliyompata yanaelezeka. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha matokeo ya kuwapima watu walewale, mara wakiwa wamekaa macho muda mrefu, mara wakiwa wamekunywa pombe kwa kipimo. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hufanya kazi kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Nchi nyingi za Ulaya humshitaki dereva anayefikia kiwango hicho. Sasa vijana, fanyeni hesabu. Kengele yenu ya kuamka hulia saa kumi na moja alfajiri. Ongezeni saa 17: mtafika saa nne za usiku. Anayeanza “kupiga msuli” baada ya hapo anasoma kama mlevi mwenye daftari, na kesho yake anaamka na deni.

Isitoshe, usingizi ni sehemu ya kusoma. Ubongo huendelea na kazi mtu alalapo, nayo mambo aliyojifunza mchana huwekwa imara wakati huo. Wataalamu wa usingizi hushauri saa 8 hadi 10 kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 18. Toka saa nne za usiku hadi kengele ya alfajiri ni saa 7 tu! Mkuu wa Shule atanisamehe, lakini ningeomba katika miezi ya mtihani kengele ile ilie saa kumi na mbili.

Chai kali, kahawa na vile vinywaji vya makopo havileti nguvu. Vinaficha uchovu tu. Nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Aliyekunywa kikombe saa tatu za usiku, saa nane bado anacho nusu kikombe kichwani, akigeuka kitandani na kuhesabu mambo asiyoyajua. Wengi huita hali hiyo hofu ya mtihani.

Mtaniuliza, tukilala tutamaliza lini? Mtamaliza kwa kubadili namna ya kusoma. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, walichapisha jaribio la wanafunzi waliopewa habari ya kusoma. Kundi moja lilirudia kuisoma. Jingine lilifunga karatasi na kuandika yale liliyokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja, walioandika walikumbuka asilimia 56, na waliorudia asilimia 42. Ndiyo maana kupitia daftari lote usiku mmoja humfanya mtu ajione amejaa, kisha asubuhi chumbani hakuna kitu. Funga daftari, chukua maswali ya miaka iliyopita, jibu kwa saa moja, sahihisha, kisha toka nje utembee au upige mpira kidogo. Rudia somo lile baada ya siku mbili tatu.

Ofisini kwetu, msimu wa bajeti, jumla yoyote iliyopigwa baada ya saa sita za usiku hurudiwa asubuhi na mtu mwingine. Ni amri, na haijawahi kufutwa.

Kuhusu wasiwasi nitasema machache. Moyo kwenda mbio kabla ya mtihani ni jambo la kawaida. Vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi, anza na swali unalolijua. Lakini anayeumwa kichwa na kuwa na homa asiambiwe anaogopa mtihani; apelekwe kupimwa malaria siku hiyo hiyo. Na mwenzenu akiacha kula, akiwa hapati usingizi hata akilala, au akisema kwamba maisha hayana maana, msimfichie siri. Mpelekeni kwa mwalimu mnayemwamini, usiku huo huo.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, narudi kwenye fedha. Naomba taa zinunuliwe, nazo zizimwe saa nne kamili, na kiranja anayezizima alindwe na waalimu. Fedha za betri za kuwasha taa usiku kucha zitumike kuvuta bomba la maji hadi mabwenini, maana nimeona leo vijana wa Kidato cha Sita wakipanda mlima na ndoo vichwani wakati wa kujisomea. Zikibaki, zinunue vyandarua, na uji wa saa nne asubuhi. Najua baadhi ya wenzangu waliokaa mbele hapa wanajivunia yale mabeseni yao. Niko tayari kujibizana nao mchana.