Usinune ukiulizwa jina

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, vijana wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishiwa upasuaji. Mwenye uvimbe kichwani alipasuliwa goti. Mwenye goti bovu akapasuliwa kichwa. Yule wa uvimbe alifariki baadaye.

Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya maswali ya kuulizwa kabla ya kisu: huyu ni nani, anapasuliwa nini, wapi? Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, mkoani kwetu. Kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Nawasihi wenzangu wa Morogoro Mjini: ukilazwa, taja majina yako matatu na mahali panapouma. Muuguzi akikuuliza mara ya tatu, usinune. Anakulinda.