Ini la Mtoto Mwenye Utapiamlo

Msikilizaji, katika habari za utapiamlo, kuna kiungo kisichotajwa sana: ini la mtoto.

Kwanza, tuone kinachotokea. Ndani ya seli za ini mna mitokondria, vinu vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kwamba panya wachanga walionyimwa protini ya kutosha waliharibika mitokondria za ini, nguvu ya seli ikapungua na mafuta yakarundikana. Ini lenye mafuta huonekana pia kwa watoto wenye kwashiakoo, wale wanaovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele.

Pili, kwa nini likuhusu? Ini dhaifu likishindwa kulinda sukari ya damu, mtoto anaweza kufa usingizini. Ndiyo maana hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75, kidogo kidogo, usiku na mchana. Mama, wahudumu hawamnyimi mwanao. Kumshindilia chakula siku za mwanzo ni hatari kwa maisha yake.

Tatu, upo mjadala. Wengine wanataka itafutwe dawa ya kuzihuisha mitokondria, kwani wapo watoto wanaofariki hata wakitibiwa. Wengine wanasema fedha ziende kwanza kwenye maharage, dagaa na mayai, ili mtoto asifike wodini kabisa. Kila upande una hoja nzito: aliyelazwa leo hawezi kusubiri mavuno, na aliye nyumbani anahitaji mlo, si dawa.

Basi tujiulize: mfuko ukiwa mdogo, tuanze na yupi?