Hans Nielsen Hauge, Mkulima Aliyehubiri



Katika jubilei hii mmekwisha kusikia mengi juu ya maaskofu na wachungaji. Mimi nimepewa nafasi ya kunena juu ya mhubiri asiyewekewa mikono, yeye ambaye siku sita yumo shambani na siku ya saba amesimama mbele ya watu. Nimemchagua mtu wa nchi ya mbali, Hans Nielsen Hauge wa Norwei, kwa kuwa shida zake mtazifahamu bila kufasiriwa.

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1771 katika Rolvsøy, upande wa kusini-mashariki wa nchi ile. Baba yake Niels alikuwa mkulima, na Hauge ndilo jina la shamba lao. Hans alijifunza kwa mikono yake: useremala, uhunzi, kufuga nyuki. Chuo kikuu hakukiona. Tarehe 5 Aprili 1796 alikuwa akilima shamba la baba yake huku akiimba wimbo wa dini, mara moyo wake ukajazwa furaha ya Mungu hata akawa kama mtu aliyetoka nafsini mwake. Angalieni, hakuwa kanisani. Alikuwa ameshika plau. Akaanza kusema na ndugu zake wa nyumbani, kisha na majirani.

Norwei siku zile ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, nayo sheria ya mwaka 1741 ilikataza watu kukusanyika kwa ibada pasipo idhini ya mchungaji wa mahali. Sisemi kwamba sheria ile haikuwa na sababu. Nasi tumewaona wahubiri wa kujituma wakigawanya usharika. Lakini Hauge hakuwatoa watu kanisani, bali aliwarudisha. Na katika wosia aliowaandikia rafiki zake aliwaagiza wakae ndani ya kanisa lao.

Hata mwaka 1804 alizunguka nchi, mara nyingi kwa miguu, na njiani alifuma soksi na glavu huku akienda. Akifika kwa mkulima hushika kazi pamoja na wenyeji, na jioni hunena nao. Aliandika vitabu, akafanya biashara katika mji wa Bergen, akaanzisha kinu cha karatasi huko Eiker. Wako wasemao kwamba katekista mwenye jembe hupunguza heshima ya kazi yake. Mimi naona Hauge alisikilizwa kwa sababu wakulima walijua hakuja kula chakula chao bure.

Alikuwa amekwisha kukamatwa mara nyingi, lakini mwishoni mwa mwaka 1804 alitiwa kifungoni kwa muda mrefu katika Christiania, mji uitwao leo Oslo. Watu walimshitaki kwamba anavunja sheria na kujikusanyia mali za wajinga. Mwaka 1809 vita na Uingereza vilikuwa vimefunga bahari, chumvi ikaadimika, na watu wa nchi ya samaki hawawezi kuishi bila chumvi. Ndipo serikali ikamtoa mfungwa huyu aende pwani kuwafundisha watu kuichemsha katika maji ya bahari. Akaenda, akaifanya kazi; ilipokwisha akarudishwa kifungoni! Kesi ilimalizika mwaka 1814 kwa kutozwa faini, afya yake ikiwa imekwisha kuharibika.

Sasa fikirini juu ya nyumba yake. Miaka ambayo wenzake walioa na kulea, yeye aliipoteza katika kifungo na kesi. Mwaka 1815, akiwa amepita umri wa miaka arobaini, alimwoa Andrea Andersdatter. Mwaka uo huo Andrea akamzaa mtoto mwanamume, Andreas, naye mama akafa. Mwaka 1817 alimwoa Ingeborg Marie Olsdatter, wakakaa katika shamba la Bredtvet karibu na mji. Katika watoto wake wanne, watatu walikufa wangali wachanga. Mtu huyu aliyefariji nyumba nyingi za wafiwa alichimba makaburi hayo yote kwake mwenyewe, na mwili wake ulikuwa mgonjwa. Hata hivyo mlango wa Bredtvet haukufungwa. Walikuja wakulima kuomba shauri, nao wakuu wa kanisa walifika kumwona. Akafa hapo tarehe 29 Machi 1824.

Sheria ile ya 1741 ilifutwa mwaka 1842. Mwaka uo huo chama cha misioni kikaundwa mjini Stavanger, na wafuasi wa Hauge walikuwa miongoni mwa waliokitegemeza. Wamisionari wake wakafika kwa Wazulu na Madagaska. Naye Andreas, yule mtoto mmoja aliyebaki, alisoma, akabarikiwa kuwa mchungaji, akaketi pia katika bunge la Norwei.