Land Rover ya Baba na Gia Yake ya Kinyumenyume

(Maneno yaliyosemwa kwenye hafla yetu ya 9 Desemba, Dubai)



Mwenyekiti aliniomba niongee juu ya afya. Shinikizo la damu tutaliongelea siku nyingine. Leo naomba niwape habari ya gari, maana nusu ya waliopo humu wanasafirisha magari na spea kwenda nyumbani, na nusu nyingine wanaombwa hela za kuyatengeneza.

Baba yangu ana Land Rover 109 huko Lushoto. Mliokulia vijijini mnaijua mia na tisa: ilibeba chanjo, mahindi, wajawazito na maiti. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa adimu na spea hazikupatikana. Ndiyo miaka ile jeshi letu lilikuwa Kibaha likihangaika na lori la Nyumbu. Injini ya petroli ya baba ilipokufa, fundi mmoja wa Mombo aliweka ya dizeli ya pikapu ya Kijapani, pamoja na gia boksi yake. Ikaingia, lakini mkono wa gia ukatokeza nyuma, chini ya kiti. Fundi akaukata, akaunga ufito wa chuma, akaweka katikati kipande kinachozunguka kwenye pini, na bushi akazichonga kwa mpira wa tairi. Kwa sababu ya pini hiyo, ukisukuma mbele huku, kule kunarudi nyuma. Basi namba moja iko mahali pa mbili, na tatu iko mahali pa nne. Vile vifundo viwili vya Land Rover, cha njano na chekundu, alivirudisha palepale japo havishiki kitu. Nadhani kwa heshima tu.

Mwaka huu gia ya pili ilianza kuchomoka. Mnaojua kona za kuteremka Lushoto kwenda Mombo mnaelewa: gia ikitoka, gari zima linabaki mikononi mwa breki, na breki zikishapata moto hazisikii. Wengine nyumbani walisema liuzwe chuma chakavu. Wengine wakataka itafutwe gia boksi ya asili.

Mimi nilitaka kwanza kujua ugonjwa uko wapi. Kwenye wodi ya mifupa, mgonjwa akisema mguu unalegea, hakuna anayekimbilia kisu. Kila kiungo kinashikwa na kujaribiwa. Shahada yangu niliisomea India, na haikuwa ya ufundi magari, lakini kulegea ni kulegea. Nikampigia mdogo wangu kwa Botim (WhatsApp ya huku mnaijua wenyewe). Mmoja achezeshe gia, mwingine alale chini na tochi, aweke kidole kwenye kila kiungo. Viungo vinne, kila kimoja kinacheza kidogo. Ukijumlisha, mkono unatembea nusu kiganja kabla gia boksi haijasikia lolote. Gia ilikuwa haiingii mpaka mwisho.

Sharjah, Industrial Area, nikapata boljointi ndogo nne, mbili zinakazwa kulia na mbili kushoto, ili ufito urefushwe kwa kuuzungusha tu. Muuzaji akaniuliza ni za gari gani. Nikamwambia, la baba.

Ufito wa fundi tumeuacha, na pini yake. Walitaka tugeuze mpangilio uwe kama wa magari mengine, nikakataa. Baba ameuzoea huu miaka arobaini, na mkono wa mzee ukishtuka barabarani hurudi kwenye alichozoea. Kwa atakayeazima, mdogo wangu amechora mpangilio wa gia kwenye dashibodi kwa rangi nyeupe.

Boljointi mbili zimefika na zimefungwa. Gia haijachomoka tangu hapo, ila wamelijaribu tambarare tu. Mbili zilizobaki ziko kwangu Deira. Mpaka zifungwe nimewaambia hakuna kuteremka mlima na abiria, hata jirani akibembeleza. Anayesafiri kabla ya Krismasi na ana nafasi ya kilo mbili, anione kabla pilau haijaisha.